Wakata Picha na Nyumba ya Kazi Zao

Uhakiki wa kazi ya sanaa aghalabu huandikwa kwa kalamu. Mtu husoma kitabu au hutazama mchezo, kisha hukaa akaeleza yaliyo mema na yaliyo mabaya katika kazi ile. Lakini wako watu ambao uhakiki wao huufanya kwa mkasi. Huchukua filamu waipendayo, wakaikata vipande, wakachagua vichache katika vingi, wakavipanga upya na kuvifuatisha wimbo. Kazi hiyo fupi, ya dakika 3 au 4, huweza kusema juu ya filamu jambo ambalo filamu yenyewe haikulisema, au ililisema kwa sauti ya chini mno. Watu hawa si wenye filamu, wala hawalipwi ujira. Ni watazamaji waliopenda mno hata wasitosheke na kutazama tu. Katika insha hii nitawaita wakata picha.

Nataka, msomaji, tuitazame sanaa yao kwa jicho la haki, kisha tuitazame nyumba ambamo kazi zao huwekwa. Sanaa hii haina duka wala jumba la senema. Makao yake ni maghala ya intaneti, mengine yamejengwa na wakata picha wenyewe, mengine na makampuni makubwa. Ghala likiwa bovu, sanaa hudhoofika. Likivunjwa, sanaa hupotea. Basi swali letu ni hili: nyumba ya kazi za namna hii yapasa iwe na nini, ili watengenezaji wapate kuendelea katika ufundi wao, na kazi zenyewe zipate kudumu?

Huenda ukaniuliza kwanza kama kukata kazi ya mwingine ni sanaa hata kidogo. Swali hili ni la haki, na jibu lake tunalo nyumbani. Washairi wa pwani yetu wana bahari iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua shairi la mwenziwe aliyetangulia, ambalo kila ubeti wake una vipande viwili, akatunga mishororo 3 yake mwenyewe na kuitia mbele ya vile viwili, hata kila ubeti ukawa na mishororo 5. Ndivyo ilivyofanywa Takhmisa ya Liyongo, ambamo maneno ya kale yanayonasibishwa na Fumo Liyongo yamevikwa maneno ya mshairi aliyekuja baadaye. Mtunzi wa takhmisi hatumwiti mwizi. Twamwuliza: je, maneno uliyoyaongeza yamelitia shairi la kale nuru mpya, au yameliongezea uzito tu? Swali hilo hilo ndilo la kumwuliza mkata picha.

Hata hivyo tofauti ipo, nayo tusiifiche. Mtunzi wa takhmisi huleta maneno yake mwenyewe. Mkata picha haleti picha yake wala wimbo wake. Vyote viwili ni vya kuazima. Kilicho chake ni vitu viwili tu: uteuzi na mpango. Amechagua kipande hiki akakiacha kile. Amekitanguliza hiki akakichelewesha kile. Kwa hiyo anayetaka kumhukumu amhukumu kwa hayo. Akisifiwa kwa uzuri wa picha, sifa hiyo ni ya mpiga picha. Akisifiwa kwa utamu wa wimbo, sifa hiyo ni ya mwimbaji. Watazamaji wengi hukosea hapa. Hupenda wimbo, wakadhani wamependa kazi.

Sanaa hii ilizaliwa Marekani, miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani. Kati ya mwaka 1966 na 1969 televisheni ya huko ilionyesha mchezo wa Star Trek, habari za chombo kinachosafiri baina ya nyota. Mchezo ulipokwisha, wapenzi wake hawakutawanyika. Mwaka 1975 mmoja wao, mwanamke aitwaye Kandy Fong, alipata vipande vya filamu ya mchezo huo vilivyokuwa vimetupwa katika chumba cha kukatia picha. Alivitengeneza viwe slaidi, akawaonyesha wenziwe moja baada ya moja, huku wimbo ukilia katika tepurekoda. Wanahistoria wa sanaa hii huuhesabu mwaka ule kuwa mwanzo wake. Angalia jambo hili, msomaji: malighafi ya kwanza ya sanaa hii ilikuwa makombo yaliyoachwa sakafuni na wenye filamu.

Kazi nyingine ya Kandy Fong yafaa kutufundisha namna ya kuhakiki. Katika Star Trek yumo mtu aitwaye Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni wa taifa la Vulcan, watu wasioruhusu hisia zionekane. Fong alizipanga picha za Spock zifuate wimbo Both Sides Now, uliotungwa na Joni Mitchell, na akatumia sauti ya Leonard Nimoy, mwigizaji yule yule aliyekuwa Spock. Wimbo wahusu mtu aliyeyatazama mambo kwa pande zake mbili, na Spock ni mtu wa pande mbili. Ulinganifu huu ni mzuri, lakini si huo ulio bora. Lililo bora ni kwamba slaidi hazisogei. Uso wa Spock umetulia kimya, na sauti yake mwenyewe inasema yale ambayo uso unayaficha. Upungufu wa vyombo umegeuzwa kuwa maana. Hapo ndipo mtu husema kwamba uteuzi umefanya kazi yake.

Tuchukue mfano wa pili. Mwaka 1982 kijana wa Marekani, Jim Kaposztas, aliunganisha mashine mbili za kaseti za video. Katika moja alitia Star Blazers, katuni ya Kijapani ya vita vya angani iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza. Katika ya pili alirekodi vipande alivyovichagua. Alichagua mapigano makali kuliko yote, akayawekea wimbo wa The Beatles, All You Need Is Love. Masikio husikia sifa za upendo, macho huona merikebu zikilipuka. Kinyume hiki huchekesha, na katika kicheko mna lawama: mtazamaji huulizwa kwa nini amefurahia vita kwa muda mrefu hivyo. Lakini kinyume kina hatari yake. Kikisha kufahamika hakina jipya la kuongeza, na wimbo bado waendelea. Mkata picha atumiaye kinyume yampasa akiache kikue au akikatishe mapema. Hukumu hii si ya kumpunguzia heshima mtu aliyetangulia njia. Ni ya kumsaidia ajaye nyuma yake.

Mfano wa tatu ni wa namna nyingine. Mwaka 1999 ilitoka filamu ya Star Wars iitwayo The Phantom Menace, na wapenzi wengi hawakuridhika nayo. Mwaka 2001 ilienea kazi iliyoitwa The Phantom Edit, ambayo mtengenezaji wake, Mike J. Nichols, alikuwa ameipunguza filamu hiyo karibu dakika 20. Alimpunguzia maneno na vituko Jar Jar Binks, aliyewaudhi watazamaji wengi, na akaondoa maelezo yaliyorudiwa. Hapa hapana wimbo. Pana mkasi peke yake. Wengine waliandika makala kusema kwamba filamu ni ndefu na ina mzaha mwingi. Huyu aliithibitisha hoja yake kwa kukata. Ubora wa uhakiki wa namna hii ni kwamba waweza kujaribiwa: tazama zote mbili, kisha useme kama hadithi imepata nguvu au imepoteza kitu.

Mifano hii mitatu si kawaida ya kila siku. Kazi nyingi za wakata picha ni dhaifu, na udhaifu wake ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kufuata ngoma tu. Ngoma ikilia, ngumi inatua. Ngoma ikilia tena, gari linalipuka. Hii ni kazi ya mkono mwepesi, nayo yastahili sifa ya wepesi, lakini dakika zikipita tumeona ngumi mia na hatujui kitu kipya juu ya aliyezirusha. Namna ya pili ni kufuata maneno kama mtoto afuatavyo kivuli chake. Wimbo ukitaja moto, tunaonyeshwa moto. Ukitaja mvua, tunaonyeshwa mvua. Picha inarudia lililokwisha kusemwa. Picha bora hujibu wimbo, au huupinga, au huupa mtu wa kumhusu ambaye mtunzi wa wimbo hakumjua.

Kwa hiyo yako maswali matatu ya kumwuliza mkata picha. Je, kipande hiki kimechaguliwa kwa sababu gani? Je, kiungo baina ya kipande na kipande kina maana, au ni mrukio tu? Na je, kazi ilipokwisha, tumeijua filamu zaidi kuliko tulivyoijua mwanzo? Mtu aliyezoea kujiuliza maswali haya hatapotea sana katika kuhakiki, awe anahakiki kazi ya mwenziwe au yake mwenyewe. Lakini maswali hayatoshi pasipo mahali pa kuyauliza. Ndipo tunapofika katika habari ya nyumba.

Zamani za kaseti nyumba ilikuwa mikono ya marafiki. Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Mashine ilipozuiwa, utepe ulirudi nyuma kidogo kabla ya kuanza tena, na mkata picha alilazimika kukisia muda huo ili kiungo kiangukie mahali pake. Kila nakala iliyotolewa katika nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake. Wapenzi walikutana katika mikutano, wakazima taa, wakatazama pamoja, kisha wakajadiliana. Desturi hiyo haikufa upesi. Mkutano wa wakata picha ulioitwa Vividcon ulifanyika Chicago kila mwaka tangu 2002 hata 2018. Katika mikutano ya namna hii mtengenezaji alikuwa na bahati ambayo wengi hawanayo leo: aliwaona watazamaji wake, na watazamaji walimwona yeye.

Mwaka 2000 wapenzi wa katuni za Kijapani walipata ghala lao katika intaneti, AnimeMusicVideos.org. Jambo la kusifiwa kwanza katika ghala hilo ni daftari lake. Kila kazi iliandikiwa jina lake, jina ambalo mtengenezaji alijichagulia, katuni iliyokatwa, wimbo na mwimbaji wake, tarehe, na maelezo ya mtengenezaji. Kazi iliweza kuandikwa daftarini hata kama faili lake liliwekwa mahali pengine. La pili ni mafunzo. Mafundi wa jamii ile waliandika miongozo mirefu ya kueleza namna ya kutoa picha katika diski na kuzitunza zisiharibike, wakaitoa bure. La tatu ni fomu ya maoni, ambayo mtazamaji aliombwa apime kazi kwa sifa mbalimbali, mathalani ubunifu na ulinganifu wa picha na sauti, na aandike maneno yake.

Katika jambo hili la tatu nina neno la kusema. Kuigawa hukumu katika sifa mbalimbali ni hekima, kwa maana humzuia mtazamaji kusema tu "nimependa" akaenda zake. Lakini tarakimu ni mtumishi mwenye kiburi. Hupenda kukaa juu ya maneno. Mtengenezaji apewaye 7 ya ulinganifu hajui ni kiungo kipi kilichomkosesha 3. Ataweza kufurahi au kuhuzunika, lakini hataweza kutengeneza. Tena tarakimu huvuta watu katika mashindano, na katika mashindano mtu huanza kutengeneza kazi ya kupendeza wapimaji. Kama fomu ingemtaka mtazamaji ataje dakika na sekunde ya jambo alilolipenda, na ya jambo lililomkwaza, maneno mawili hayo yangemfaa mtengenezaji kuliko tarakimu 8.

Mwaka 2005 ilianzishwa YouTube, na wakata picha wengi wakahamia huko, kama watu wa kijiji wahamiavyo mjini. Mji ulikuwa na taa na watu wengi. Kazi iliyotazamwa zamani na watu 50 iliweza kutazamwa na maelfu. Lakini mji haukujengwa kwa ajili yao. Daftari lao halikufuata huko, na kazi ya fundi ililala pamoja na taka, ikitofautishwa kwa hesabu ya waliotazama. Tangu mwaka 2007 kampuni hiyo imekuwa na mtambo uitwao Content ID, ulinganishao kila video na kazi za wenye hakimiliki. Mtambo huo waweza kuutambua wimbo na waweza kuitambua picha. Hauwezi kutambua kwamba picha imejibu wimbo. Kwake takhmisi na nakala ya wizi ni kitu kimoja.

Nyumba ya kupanga ina hasara nyingine: mwenye nyumba huweza kuuza. Wakata picha wengi waliweka kazi zao katika imeem, mahali palipopendwa kwa muziki na video. Mwaka 2009 imeem iliziondoa video na picha za watumiaji wake, na kabla mwaka haujaisha ikanunuliwa na MySpace na kufungwa. Pamoja na kazi yalipotea maneno yaliyoandikwa chini yake, maswali na majibu, ndiyo kusema uhakiki wenyewe. Wala nyumba ya kujijengea haina salama kamili. Mwaka 2005 kampuni ya muziki Wind-up Records ililitaka ghala la AnimeMusicVideos.org liondoe kazi zilizotumia nyimbo za waimbaji wake, na ghala likatii. Msomaji, usiwalaumu waliotii. Jamii ya watu wasiolipwa haina fedha za kwenda mahakamani.

Katika habari ya sheria kuna jambo linalostahili kuangaliwa sana. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza kuvunja kufuli za kielektroni zinazolinda filamu, isipokuwa kwa ruhusa maalumu zinazotazamwa upya kila miaka 3. Mwaka 2010, baada ya hoja za Electronic Frontier Foundation na za Organization for Transformative Works, jumuiya ya mashabiki iliyoundwa mwaka 2007, ruhusa ilitolewa kwa watengenezao video zisizo za biashara. Ruhusa hiyo ilihusu vipande vifupi vya filamu vinavyotumiwa kwa uhakiki au kwa maelezo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yautaja uhakiki miongoni mwa matumizi ya haki, mradi chanzo kitajwe. Maneno haya hayafungui kila mlango, wala hayamfanyi kila mkata picha kuwa na haki. Lakini yatuonyesha kwamba neno "uhakiki" si pambo. Aliyekata ili aseme jambo, na awezaye kueleza alilosema, amesimama mahali pagumu kumtikisa kuliko aliyekata kwa kujifurahisha tu.

Sasa nitoe shauri langu kwa atakayejenga au kutengeneza nyumba ya namna hii. Shauri la kwanza ni daftari. Kila kazi iandikiwe chanzo cha picha, wimbo, mwimbaji, mwaka, jina alilojichagulia mtengenezaji, na mistari michache ya nia yake. Majina yasiachwe kuandikwa kila mtu apendavyo, kwa sababu kitu kimoja kikiwa na majina kumi ni kama kimefichwa mara kumi. Mfano mwema uko katika Archive of Our Own, ghala la Organization for Transformative Works lililofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009. Ghala hilo hutunza hasa maandishi, wala halihifadhi mafaili ya video. Humo mwandishi hujiwekea lebo apendayo, na watu wa kujitolea huziunganisha lebo zenye maana moja, ili mtafutaji azipate zote kwa jina moja. Kazi hiyo haionekani, lakini bila hiyo ghala ni lundo.

Shauri la pili ni uhakiki wenye adabu na ukweli. Nimekwisha kutaja dakika na sekunde. Niongeze kwamba mhakiki aanze kwa kueleza alichokiona, ndipo ahukumu. Mtu akisema, "Katika dakika ya 2 umerudia ule mlango uliofungwa, nami nikafahamu kwamba mama hatarudi," amempa mtengenezaji zawadi, maana mtengenezaji sasa ajua kazi yake imefika. Akisema, "Katika dakika ya 3 umeleta mapigano, nami nikamsahau mama," amempa zawadi ya pili. Sifa tupu hazifundishi, na matusi hayafundishi. Adui wa mwanafunzi si mkali peke yake. Hata mpole asiyesema kweli ni adui, ila yeye huja na asali.

Shauri la tatu ni mlango wa wanafunzi. Katika kila jamii ya wajuzi huzuka lugha ya ndani, na mgeni husimama nje akiona haya kuuliza. Miongozo iandikwe kwa maneno mepesi, na iandikwe upya kila vyombo vibadilikapo, kwa kuwa mwongozo wa mashine iliyokwisha kuachwa humpoteza asomaye. Tena mwanafunzi aruhusiwe kusema kwamba kazi yake ni ya kujifunza, ili ahakikiwe kama mwanafunzi. Fundi hupimwa kwa alichokifanya. Mwanafunzi hupimwa pia kwa hatua aliyoipiga tangu jana.

Shauri la nne ni hifadhi. Kazi isiwe mahali pamoja. Mtengenezaji awe na nakala yake, ghala liwe na yake, na daftari litunzwe mbali na vyote viwili, ili faili likipotea ijulikane angalau kwamba kazi ilikuwako na ni nani aliyeifanya. Lakini hifadhi iende pamoja na idhini. Wapo waliotengeneza wakiwa vijana, na leo hawataki kazi ile ionyeshwe. Wapo waliojificha nyuma ya jina la kubuni kwa sababu zao wenyewe. Ghala lenye heshima halimvui mtu jina lake la kubuni, wala halimnyimi haki ya kuiondoa kazi yake.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya burudani, mbona unatuletea daftari na kanuni? Watu wamekuja kucheza, nawe wataka kuwatia darasani. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Jamii ya kujitolea ikizidishiwa sheria hukimbiwa. Fomu ndefu mno hubaki tupu, na mhakiki aliyelazimishwa huandika chochote apate kuondoka. Kwa hiyo kanuni ziwe chache. Lakini wanaosema hivi wamesahau kwamba mchezo wowote wenye kupendwa una kanuni, na wachezaji ndio wa kwanza kukasirika zikivunjwa. Mtu aliyekaa usiku kucha akitafuta kiungo cha nusu sekunde hakuja kupoteza wakati. Alitaka mtu mmoja akione kiungo kile. Nyumba isiyompa mtu huyo mmoja imemnyima ujira wake pekee.

Usidhani, msomaji, kwamba habari hizi ni za Wamarekani na katuni za Wajapani tu. Hapa kwetu Kenya watu wamecheka na kusisimka kwa sauti ya DJ Afro, ambaye hutia masimulizi yake ya Kiswahili na Sheng juu ya filamu za mapigano za kigeni. Uganda wako wasimulizi wa namna hiyo, na Tanzania kadhalika. Nao pia hujibu filamu: humpa shujaa wa mbali jina la mtaani, wakamtia maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Hiyo ni takhmisi ya sauti. Lakini ukiombwa leo orodha ya filamu zilizosimuliwa hivyo, pamoja na jina la msimulizi na mwaka wa kila moja, utaipata wapi? Na ukitaka kusoma uhakiki uelezao ni wapi msimulizi alifanikiwa na ni wapi aliharibu, utausoma katika kitabu gani? Sanaa tunayo, daftari na uhakiki ndivyo tulivyovikosa.

Basi siku nyingine utakapoonyeshwa video ya namna hii katika simu ya mwenzako, usiseme tu kwamba ni nzuri ukapita. Itazame mara mbili. Mara ya kwanza ufurahi. Mara ya pili utafute kiungo kimoja kilichokugusa, na kimoja kilichokwaza, uvitaje kwa dakika na sekunde. Uliza filamu ni ipi, wimbo ni wa nani, na aliyekata amejiita nani. Kisha yaandike hayo katika daftari lako na kuweka tarehe. Ukifanya hivyo utakuwa umeanza nyumba ninayoisema, hata kama ina chumba kimoja. Na kama wewe mwenyewe ni mkata picha, mpe mwenzako kazi yako kabla hujaipeleka kwa maelfu, umwombe akuambie kweli. Akikuonyesha sekunde moja tu ya kutengeneza, mshukuru, uketi uitengeneze.